Hakuna Cheti, Hakuna Ugonjwa

Rehema, mtoto wa kaka yangu, amepata ajira ya ualimu mwaka huu, shule ya sekondari ya kata, upande wa Lindi. Hata mwezi haujaisha akanitumia ujumbe: "Shangazi shikamoo. Nimekabidhiwa mahudhurio na ruhusa. Watoro wamenizidi. Nitumie zile kanuni zako, nasikia zilikuwa kali." Nikamjibu marahaba. Kanuni sikumtumia. Nilikaa siku tatu nikiutazama ule ujumbe, kisha nikaona bora niandike kirefu, asome yeye na wenzake wa ofisini wasome, maana najua ni vijana watupu, na kila mmoja ana orodha ya watoro inayomuumiza kichwa.

Mimi ni mtoto wa Rondo, Mmwera, lakini kazi yangu karibu yote niliifanyia Kilwa. Nilifundisha Kiswahili na Historia zaidi ya miaka thelathini. Daftari la ruhusa nililishika miaka kumi na minne. Mwanafunzi akitaka kukosa shule, au akiwa ameshakosa na anataka asamehewe, alisimama mbele ya meza yangu. Neno langu ndilo lililoamua kama kwenye duara jekundu la jina lake itaingia herufi R, yaani ruhusa, au duara litabaki tupu, yaani mtoro. Herufi moja tu. Mtashangaa uzito wake.

Nianze na barua, maana huko ndiko mtakakodanganywa kwanza. Barua ya mzazi wa kweli, hasa wa huku kwetu mashambani, ni fupi, imeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa popote, na ina makosa. "Mwalimu mtoto tumbo linamuuma nisameeni." Basi. Barua iliyotungwa na mwanafunzi ina anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na mwishoni "natanguliza shukrani zangu za dhati". Baba gani mwenye mgonjwa ndani anatanguliza shukrani za dhati? Niliwahi kuletewa barua nzuri mpaka nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaipa kumi na saba juu ya ishirini, nikamrudishia aliyeileta. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante mwalimu, hizo tatu nimezikosa wapi?" Halafu akasikia mwenyewe alichosema, akaufunga mdomo kwa kiganja.

Siku hizi barua zimepungua, zimeingia simu. Hapo nako, msipige namba anayowapa mtoto. Pigeni iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Mwanafunzi mmoja alinipa namba ya baba yake, nikapiga palepale, simu ikaita darasa la pili kutoka ofisini kwangu.

Na misiba! Nilipokuwa bado mgeni kazini alikuwepo mwanafunzi wa Miteja aliyeitwa Hassani. Katika muhula mmoja aliomba ruhusa mara tatu, na mara zote tatu bibi yake alikuwa amefariki. Mimi nikasema huyu leo nimemshika. Nikachukua daftari la mahudhurio la darasa langu, nikapanda gari la Miteja, nikiwa nimeshajiandalia hotuba. Nilipofika nikakuta turubai, wanaume wamekaa mikekani, na ndani kilio. Wanawake waliponiona wakanipokea: "Mwalimu, umeacha kazi zako umekuja kumzika mama yetu! Mungu akulipe." Nikafungwa kanga, nikapewa kisu na beseni la vitunguu. Nilikata vitunguu mpaka saa tisa, machozi yananitoka, na kila anayepita ananiambia nijikaze, ndiyo kazi ya Mungu. Nikiwa pale ndipo nikaelezwa: marehemu alikuwa dada wa bibi mzaa mama. Wale wawili wa mwanzo, mmoja bibi mzaa baba, mwingine mke mdogo wa babu, ndiye aliyemlea. Wote bibi. Hassani hakusema uongo hata mara moja.

Niliporudi, Mwalimu Athumani, ambaye ndiye aliyekuwa na daftari la ruhusa wakati huo, aliniuliza bila kunyanyua uso kwenye kazi yake, "Umemzika salama?"

Huyo Mwalimu Athumani ndiye aliyenifundisha kazi hii, au niseme ndiye aliyejaribu. Mtu wa Kilwa hasa, mnene, mpole, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haimtoki kichwani, anakunywa kahawa kwenye chupa ya chai anayotoka nayo nyumbani. Mtoto akiingia na barua, alimwambia, "Iweke hapo, kwanza keti." Anamuuliza amekula nini. Anamuuliza nani yupo nyumbani, maji wanachota wapi, mdogo wake anaendeleaje. Barua inaweza ikakaa mezani nusu saa haijafunguliwa. Mimi nilikuwa naona ni uzembe. Nje kuna foleni ya watoto kumi, yeye anaulizia habari za visima.

Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, lakini si tuna utaratibu?"

Akasema, "Tunao. Lakini karatasi yoyote ikiletwa, mwanangu, wewe anza kumtazama aliyeileta."

Nilimwitikia kwa adabu, nikatoka. Moyoni nilisema, mzee amechoka.

Akastaafu, na daftari nikapewa mimi, tukiwa tumeshahamia shule nyingine, nisiyoitaja jina, maana haina kosa. Kosa ni langu. Nilianza kazi hiyo mwezi wa kumi, na ninyi mnaufahamu mwezi wa kumi wa huku kwetu. Korosho zinaanguka. Mzazi mwenye mikorosho yake hamwelewi mwalimu anayezungumzia hesabu za matriki. Darasa la watoto arobaini na wawili, asubuhi moja nilikuta kumi na mmoja. Ikifika zamu ya ufuta, ni hivyohivyo. Na sababu wanazoleta: homa, homa, kichwa, homa. Nikaona nachezewa.

Nikakaa nikaandika kanuni. Mgonjwa alete cheti cha zahanati chenye muhuri. Msiba ni wa mzazi, mlezi au ndugu wa tumbo moja, na mtendaji wa kijiji athibitishe kwa maandishi. Ndiyo, baada ya vitunguu vyote vile vya Miteja, bado niliandika hivyo. Asiye na karatasi ni mtoro, na mtoro akifikisha mara tatu mzazi anaitwa na mtoto anapewa kazi. Nikamlipa fundi wa rangi akaniandikia ubao, nikaupigilia juu ya mlango wa ofisi: HAKUNA CHETI, HAKUNA UGONJWA.

Na kanuni zilifanya kazi, nisiwafiche. Watoto walirudi darasani. Wakaguzi walipokuja walisimama mbele ya ule ubao, mmoja akaupiga picha. Mkuu wa shule alinitaja kwenye kikao cha wazazi, nikapigiwa makofi. Nilikwenda nyumbani siku ile nimevimba kama unga uliotiwa hamira.

Miongoni mwa wale waliorudishwa darasani kwa ubao wangu alikuwemo Zainabu.

Zainabu Selemani alikuwa kidato cha pili, anatoka upande wa Mitole, kwenye kitongoji cha wakulima, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu. Mama yake alikuwa amefariki, yeye akiishi na baba yake. Msichana mwembamba, mdogo kuliko rika lake, hijabu yake nyeupe siku zote imepigwa pasi. Insha zake nilikuwa nawasomea kidato cha nne ili waone aibu. Lakini alikuwa anakosa shule. Anakuja wiki mbili vizuri, halafu siku tatu hayupo, nne hayupo. Akirudi macho yana unjano, na anatembea kama mtu aliyekanyaga miiba.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa, mwalimu."

"Unaumwa nini?"

"Miguu. Na mgongo. Na mikono, humu ndani kwenye mifupa."

"Cheti?"

"Sina, mwalimu. Siku ninayoumwa siwezi kutembea kufika zahanati. Siku ninayoweza kutembea siumwi tena. Nikienda wanapima malaria hawaioni, wananipa panadol, wananiambia nirudi nyumbani."

Ninayaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu alieleza vizuri kuliko daktari. Mtu yeyote aliyekaa akamsikiliza angeelewa. Mimi nilisikia neno "sina" tu. Nikachukua kalamu, nikaacha duara tupu. Mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

Baba yake aliitwa. Mzee Selemani alifika asubuhi mapema, kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu, viatu amevishika mkononi, akavivaa alipofika kwenye ngazi za ofisi. Nilimwona kupitia dirishani akivivaa. Akanisalimu kwa heshima kubwa, mtu mzima kuliko mimi, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu tangu mdogo mifupa yake inamsumbua. Baridi ikija ndiyo zaidi. Analia mpaka sauti inakauka. Tumehangaika naye kote, kwa waganga wa dawa zetu, kwa masheikh wamemsomea. Kaka yake mkubwa alikuwa hivyohivyo."

"Huyo kaka yake yuko wapi?"

"Tumemzika, mwalimu. Alikuwa darasa la sita."

Wanangu, nilisikia. Sitaki mdhani kwamba sikusikia. Dirisha lilikuwa wazi, kengele ilikuwa haijalia, na yule mzee alitamka kila neno taratibu. Nikasema, "Poleni sana." Kisha nikasema, "Lakini cheti kipo?"

Akanitazama kidogo. Akasema, "Cheti hakipo."

"Basi mzee wangu, mimi mikono yangu imefungwa. Nikimwachia Zainabu, kesho watakuja wote wanaumwa mifupa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo hana. "Sawa, mwalimu. Ninyi ndio mnaojua."

Adhabu ilikuwa ndoo kumi za maji kutoka kisimani mpaka kwenye tangi la shule. Kisima kiko bondeni nyuma ya shule, unashuka na ndoo tupu, unapanda nayo imejaa. Ulikuwa mwezi wa saba, asubuhi ile kuna upepo wa baridi. Zainabu hakubishana. Aliuliza tu, "Nianze sasa, mwalimu, au baada ya mstari?" Nikamwambia sasa.

Nilikuwa nafundisha, lakini kutoka darasani niliona njia ya kisimani. Nilimwona akipanda, ndoo kichwani, hijabu imelowa inamganda mabegani. Mara nyingine nilimwona amesimama katikati ya mlima, mkono mmoja juu ya ndoo na mwingine kiunoni. Nikasema anavizia niangalie pembeni amwage. Hakumwaga. Alimaliza zote kumi. Mwanafunzi wa zamu ndiye aliyehesabu, na aliniletea hesabu: kumi kamili. Kisha Zainabu akaingia darasani kwake, akakaa, akaweka kichwa kwenye dawati.

Nilipita mlangoni kwao nikamwona amelaza kichwa. Nikawaza, amenuna. Nikapita.

Baada ya mapumziko ya saa nne, mwenzake wa dawati moja alikuja mbio ofisini. "Mwalimu, Zainabu hawezi kuinuka. Anatetemeka, na amesema tusimguse."

Nilimkuta hivyo. Nikiuweka mkono begani kwake anapiga ukelele mdogo, kama mtu aliyeungua. Uso umekuwa rangi ya majivu. Akaniambia, "Mwalimu nimemaliza." Alidhani nimekuja kuulizia maji.

Gari la shule hatukuwa nalo. Tulimweka kwenye bodaboda, mimi nimekaa nyuma nimemkumbatia asianguke, na kila shimo la barabara nililisikia likipita mwilini mwake kabla halijafika kwangu. Baba yake alipelekewa habari akatukuta hospitali alasiri, safari hii bila kanzu, miguu ina udongo wa shamba.

Daktari alikuwa kijana, umri wenu. Akamchukua damu, akarudi baadaye, akatuketisha. Akasema mtoto huyu ana selimundu. Amezaliwa nayo. Akatueleza kwa maneno rahisi: chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na pale zinapokwama mwili unauma kuliko mnavyoweza kufikiri. Baridi inaziamsha. Kukosa maji mwilini kunaziamsha. Kazi nzito inaziamsha. Kisha akafungua karatasi yake aandike.

"Leo amefanya nini? Amefanya kazi yoyote?"

Mzee Selemani alikuwa upande wangu wa kulia. Nilimsikia anavyopumua.

Nikasema, "Alibeba maji."

"Nani alimbebesha?"

Nikasema, "Shuleni."

Hilo ndilo neno nililolitoa. Shuleni. Kana kwamba shule ina mdomo wa kuagiza. Daktari akanyanyua uso, akanitazama, na nadhani alikuwa anataka kuuliza zaidi. Mzee Selemani akamtangulia. "Daktari," akasema, "huyu mwalimu ndiye aliyemleta mtoto. Amekuja naye mpaka hapa. Kama si yeye tungemkuta amekufa."

Daktari akaniambia, "Umefanya vizuri, mama." Akaandika.

Na mimi nikanyamaza.

Zainabu alikaa wodini wiki kadhaa, akapona kwa kadiri alivyopona. Nyonga ya kushoto iliharibika. Damu haikufika huko kwa muda, ndivyo walivyotueleza, na mfupa ukafa sehemu. Alirudi shule anachechemea. Ubao wangu nilikuwa nimeshaubandua siku ya pili yake, lakini kubandua ubao ni kazi ya dakika mbili na nyundo.

Sasa alikuwa na cheti. Alikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, kimekunjwa mara nne, na kila aliporudi baada ya kuumwa alisimama mlangoni kwangu anakikunjua. Nikamwambia, "Zainabu, wewe usinionyeshe tena. Ingia tu darasani."

"Si ndiyo kanuni, mwalimu?" akasema.

Hakuwa ananicheka. Laiti angekuwa ananicheka. Alikuwa mtoto anayefuata kanuni, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Ilipofika kidato cha tatu, siku za kutokuja zikawa nyingi kuliko za kuja. Kisha hakuja kabisa. Nikampigia baba yake, simu haipatikani. Nikaenda mwenyewe, mara ya kwanza kabisa kwenda kwao, na njia ile nilipoitembea kwa miguu yangu mizima nilipumzika mara mbili. Mzee Selemani alinipokea vizuri, nikawekewa kiti kivulini, nikaletewa maji na korosho za kukaanga.

"Mwalimu," akasema, "kwenda anaweza. Kurudi ndiko hakuwezi. Mara mbili nimemfuata njiani jioni nimemkuta amekaa chini."

Nikamwambia nyumba yangu ni jirani na shule, nina chumba, aje akae kwangu bure, nitamtunza kama mwanangu. Mzee akafurahi, akamwita. Zainabu akaja akachuchumaa kwa shida, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nashukuru sana mwalimu. Lakini pale kwako nikiumwa nitakuwa naogopa kusema."

Baba yake akamkemea, "Zainabu!" Mimi nikasema mwache.

Wenzake walifanya mtihani wa kidato cha nne bila yeye.

Rehema, sasa nikujibu ulichoniuliza. Baada ya hapo niliendelea na daftari miaka mingi, na nilibadilika, lakini sikuwa Mwalimu Athumani, nilijaribu tu kumfuata kwa nyuma. Niliweka kiti mbele ya meza. Watoro wa kweli bado walikuwepo, na nilianza kuwagundua upesi zaidi kuliko wakati wa ubao, kwa sababu mtoro hapendi kukalishwa aulizwe habari za nyumbani. Maswali manne tu anakiri mwenyewe alikuwa kwenye korosho. Huyo zungumza na mzazi wake, na uzungumze kabla msimu haujaanza, siyo korosho zikiwa chini. Ukiona mtoto anakosa siku mbili tatu kila mwezi na hataki kusema, na ni msichana, mtafute mwalimu wa kike amuulize faraghani, na uone kama choo cha shule kina mlango na maji. Ukiona mtoto ana macho ya njano, mdogo kuliko wenzake, analalamika mifupa, baridi ikiingia haji, huyo usimdai cheti. Mpeleke wewe akapimwe. Cheti ni kazi yetu kukitafuta. Mgonjwa ana kazi yake ya kuumwa. Na mzazi akikuambia amezika mtoto, weka kalamu chini.

Kanuni kuwa nazo. Shule bila kanuni ni gulio. Ila mkiziandika, zipitieni siku moja mkijifanya ninyi ndio mtoto wa Mitole, mmeumwa usiku kucha, na zahanati iko kule.

Nilistaafu, nikajenga Kilwa Masoko. Mwaka jana, baada ya Idi, nilimwambia dereva wa bajaji anipeleke Mitole. Sikuwa nimemwona Zainabu miaka mingi, nilikuwa nasikia tu kwamba yupo hai, kwamba anashona. Niliogopa njia nzima. Nilimkuta barazani kwenye cherehani ya mkono, maana ya miguu haiwezi, anashona sare za shule. Mashati meupe yamepangwa pembeni yake marefu kwa mafupi. Amekuwa mtu mzima, uso uleule mwembamba. Akanitambua kabla sijafika uani.

"Mwalimu, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu."

Tukaulizana hali. Anakwenda kliniki kila mwezi, ana dawa, maumivu yamepungua. Tukazungumza habari za mashati, vitambaa vya siku hizi jinsi vinavyochanika. Kisha nikaona nikiendelea na vitambaa nitaondoka sijasema.

"Zainabu," nikasema, "zile ndoo nilikubebesha mimi. Pale hospitali nilisema shule. Haikuwa shule, ilikuwa mimi. Nimekuja kukuomba msamaha."

Alisimamisha cherehani. Akalainisha ukosi wa shati kwa kidole gumba, mbele, nyuma.

"Mimi nilishakusamehe, mwalimu," akasema. "Zamani. Hata nyonga ilipokuwa inauma nilikuwa nasema, yule naye hakujua." Akaugeuza ukosi upande wa pili. "Lakini baba alijua. Siku ile hospitali alijua ni wewe, na alikuficha. Aliporudi nyumbani alilia, akasema yeye ndiye mwenye kosa, alikaa kwenye kiti chako akaitikia sawa. Alikuwa anasema hivyo kila nikiumwa. Mpaka anakufa alikuwa anasema hivyo."

Nikauliza amefariki lini. Akaniambia mwaka juzi, msimu wa korosho ulipokuwa unaanza.

Mwaka juzi nilikuwa nimeshastaafu. Nilikuwa nakaa barazani kwangu Masoko, mzima wa afya, nauli ninayo, siku nzima sina la kufanya. Yule mzee alikuwa hai kule Mitole, anajilaumu kwa jambo langu, na mimi nilikuwa nangoja sijui nini.

Zainabu akaniambia, "Kunywa chai, mwalimu." Nikanywa. Nilimaliza kikombe kwa sababu ni yeye aliyekileta, kwa safari mbili, ya kwanza sukari na ya pili chai, mkono mmoja ukishika ukuta.

Nilipoaga alinyanyuka kunisindikiza. Bajaji ilikuwa imebaki barabarani kwa sababu ya mchanga. Nikamwambia, "Rudi, mwanangu, usijitese, nitafika." Akakataa. Akasema mgeni wa baba hawezi kuachwa aondoke peke yake. Basi tukatoka wote wawili, yeye kushoto, mimi kulia, tukapita kwenye mikorosho, tukisimama kila anaposimama, mimi sisemi twende, mpaka yeye mwenyewe aseme.